Ntumba za Shangazi Winifrida

Damu ya Beda ilimwagika mbele ya kaka yake Zenon, na balaa lote likaanzia hapo. Ingemwagika chooni, au mbele ya mkewe peke yake, labda leo tungekuwa na habari ya mgonjwa mmoja tu, basi.

Ilikuwa Jumatatu ya katikati ya Novemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha ardhi, na kila mwenye shamba upande ule wa juu ya Laela alikuwa akibomoa ntumba. Asiyejua kilimo cha Ufipa aelewe hivi: mwezi wa tatu, mvua zikikaribia kwisha, watu hung'oa nyasi kwa jembe, wakazirundika mviringo na kuzifunika udongo, hadi kila rundo linafika kiunoni. Hilo rundo ndilo ntumba. Nyasi huozea humo miezi minane. Mvua mpya zikija, ntumba hubomolewa, mbolea ikatandazwa, mahindi na ulezi vikapandwa. Kubomoa ni kazi nyepesi kuliko kuinua, ndiyo maana Beda, ambaye mwaka mzima alikuwa hajashika jembe kwa sababu ya TB, alisema hiyo ataiweza.

Aliweza ntumba kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa na unyevu juu tu. Ndani nyasi zilikuwa kavu, zimeota ukungu mweupe, na jembe lilipoipasua vumbi lake likamrukia Beda usoni. Akakohoa. Kristiana, mkewe, alikuwa nyuma akitandaza mbolea kwa mikono na hakushtuka, maana kikohozi kile alikizoea. Beda alimaliza dawa za TB mwezi wa nane, akapewa cheti cha kupona, lakini kikohozi hakikusoma cheti. Kilichomshtua Kristiana ni kimya kilichofuata. Alipoinua kichwa alimkuta mumewe amepiga magoti, mikono miwili kinywani, na damu inamtoka katikati ya vidole, nyekundu, inatoka povu.

"Beda! Jamani, Beda!"

Zenon alikuwa shamba la jirani. Alikuja mbio na jembe begani, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Wakamlaza Beda ubavu. Damu ikatoka tena, safari hii nyingi, ya kujaza bakuli, na ikanywewa na ile mbolea ya ntumba iliyopasuka. Zenon aliitazama ikizama. Aliitazama muda mrefu mno kwa mtu ambaye mdogo wake anakata pumzi miguuni kwake.

"Shemeji," alisema, "hizi ntumba nani aliziinua?"

"Mshike kichwa kwanza!"

"Nimemshika. Mwezi wa tatu nyie mlikuwa hospitali. Mimi sikuziinua. Jumuiya ya kanisa haikuja. Nani?"

Kristiana alijibu bila kufikiri, na kwa majivuno kidogo, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa zuri na lilimkaa moyoni tangu siku alipolijua. "Shangazi Winifrida. Peke yake, wiki tatu nzima. Nilitaka kutangaza kanisani akanikataza, akasema nani anasifiwa kwa kumlimia mwanawe."

"Kizee cha miaka sabini," Zenon akasema polepole. "Ntumba zaidi ya mia mbili. Peke yake. Na hakutaka ijulikane."

"Alikuwa anatusaidia, shemeji."

"Tazama vizuri. Mviringo, udongo juu, kitu kinaozea ndani. Hili ni kaburi, Kristiana. Kamzika mdogo wangu mara mia mbili, na leo mwenyewe kajifukua!"

*

Walimfikisha Beda nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Damu ilikuwa imekatika, uso umekuwa wa kijivu. Kristiana alikuwa akimpangusa shingo aliposikia kelele upande wa mwisho wa kitongoji, kelele za watu wengi zenye sauti moja ya mwanamke katikati. Akaacha kitambaa majini, akamwambia binti yake Salome akae na baba yake, akatoka mbio.

Winifrida alikuwa chini, mbele ya mlango wake. Alikuwa dada wa marehemu baba yao kina Zenon, mjane aliyezika watoto wake wawili, na katika dunia hii hakuwa na mwingine wa kumwita wake ila hao wanaume wawili. Beda alirithi jina la babu, yaani baba yake Winifrida, kwa hiyo bibi alimwita "baba" tangu akiwa mtoto wa siku tatu. Sasa kitambaa chake cha kichwa kilikuwa matopeni, nywele nyeupe wazi, mdomo umepasuka. Vijana wawili wa ukoo walikuwa wamemkanyaga mikono. Zenon alishika mpini wa jembe.

"Sema ulichofukia mle!"

"Nyasi, Zenon. Nilifukia nyasi. Ningefukia nini kingine?"

Mpini ulimpata begani. Sauti ya mfupa ilisikika hadi kwa waliosimama nyuma, na waliosimama nyuma walikuwa watu anaosali nao kila Jumapili. Mmoja alisema "aa!" kidogo, akanyamaza.

"Mimi nimekubeba mgongoni, Zenon," bibi akasema huku analia.

"Ulikuwa unanipima uzito!"

Watu wengine wakacheka. Kweli kabisa, walicheka. Kristiana akapita katikati yao kwa viwiko, akajitupa juu ya bibi, na mpini uliofuata ukamwangukia yeye mgongoni. Pumzi ilimtoka lakini hakuondoka.

"Piga! Piga na mimi! Mchawi anayekulimia shamba ukiwa hospitali, na mimi namtaka wa kwangu! Piga, Zenon!"

Hapo ndipo Modesti, mwenyekiti wa kitongoji, alipofika, koti lake la mkutano amelivaa kombo. Modesti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda kila mtu arudi nyumbani ameridhika, na watu wa namna hiyo, ukiwapa madaraka, huweza kukuua kwa upole.

"Hapa hauawi mtu," alisema. "Tuna serikali. Mgonjwa aende hospitali kesho asubuhi. Daktari akisema ni ugonjwa wa hospitali, bibi anarudi kwake na Zenon atamwomba radhi mbele ya watu."

"Na daktari asipouona ugonjwa?" Zenon akauliza.

Modesti alijikuna shavu. "Hapo tutakaa tena. Lakini nataka karatasi. Yenye mhuri."

"Na huyu?"

"Huyu atakaa kwenye ghala la kijiji mpaka karatasi ije. Kwa usalama wake."

Watu wakaitikia kwamba ni neno la busara. Hata Kristiana aliitikia, mjinga yule, kwa sababu alikuwa na hakika: mtu anayetema damu hawezi kukosa ugonjwa hospitali. Wakampeleka Winifrida ghalani, bega limening'inia, Modesti akafunga kufuli na kutia ufunguo mfukoni. Kristiana akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Shangazi, siku mbili tu. Narudi na karatasi."

"Umwambie baba asione haya kula," Winifrida akajibu kutoka gizani. "Akiumwa huwa anaona haya kula."

*

Mjini Sumbawanga walifika saa nne asubuhi. Beda alivikwa sweta mbili na kukumbatia beseni dogo la plastiki. Walipoketi kwenye benchi la mapokezi, alikohoa mara moja tu. Mama aliyekuwa pembeni akanyanyua mtoto wake na mfuko wake, akahama. Kisha akahama mwingine. Benchi likabaki lao wawili.

"Mama!" muuguzi akaita toka dirishani, mbele ya kadamnasi. "Mgonjwa wa kifua unamkalisha katikati ya watu? Nendeni nje, kule ukutani!"

Wakaenda ukutani. Upepo wa Sumbawanga ni ule ule kwa mzima na mgonjwa, na Beda akatetemeka hadi beseni likalia magotini. Kristiana hakuwa amemwambia lolote kuhusu Winifrida. Alimwambia kelele za jana zilikuwa za mlevi. Aliogopa kwamba akijua ataruka, na akiruka damu itatoka, na damu ikitoka mara hii itaisha. Kwa hiyo Beda alipouliza kwa nini anatembea ameinama hivyo, alisema aliteleza kwenye matope.

Makohozi yalipimwa Jumanne, yakapimwa tena Jumatano. Kristiana alienda kwenye dirisha la maabara roho mkononi.

"Hana TB," kijana wa maabara akasema.

"Angalia vizuri, mwanangu."

"Nimeangalia mara mbili."

"Lakini anatema damu! Haiwezekani asiwe na kitu!"

"Sasa mama, unataka tumpe TB kwa nguvu?" Wenzake ndani wakacheka. Kristiana alishika ukingo wa dirisha. Aliona mlango wa ghala. Aliona mpini wa jembe.

Aliyemuokoa, au tuseme aliyedhani amemuokoa, ni daktari kijana aitwaye Flavian, mzaliwa wa Moshi, aliyeagiza picha ya kifua. Alhamisi asubuhi aliwaita wote wawili, akaiinua picha dirishani kwenye mwanga.

"Hapa, unaona hili pango? Lilichimbwa na TB. TB imeondoka, pango limebaki. Na ndani ya pango limekaa donge. Hili hapa, kama mpira."

"Donge la nini?" Kristiana akauliza.

"Ukungu. Fangasi. Ule ule unaoota kwenye mkate uliolala. Unakula kuta za pango, ndiyo maana mzee anatoa damu."

Kristiana alishika mdomo kwa mikono miwili, na chozi likamtoka la furaha. Ugonjwa! Ugonjwa wenye jina, wenye picha, unaoonekana dirishani! Alitaka kumbusu daktari mikono.

"Huingiaje, daktari?" Beda akauliza.

"Kwa hewa. Kwenye ghala, kwenye samadi, kwenye majani yaliyooza. Mimi nauvuta, mkeo anauvuta, hautufanyi kitu. Wewe una pango, umepata pa kukaa. Unalima?"

"Kikohozi kipo siku zote. Ila hii damu nilitoa nikibomoa ntumba," Beda akasema, akaeleza ntumba ni nini, na alivyoona ukungu mweupe, na vumbi lilivyomwingia. Daktari alisikiliza kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la mtihani.

"Ukungu huo ulianza kukaa zamani, siyo juzi. Lakini huko shambani ndiko unakouvuta mwingi. Kubomoa hayo marundo basi, umesikia? Utameza vidonge miezi sita au zaidi. Damu ikirudi, tutakupeleka Mbeya wakuangalie kwa upasuaji."

Kristiana alimfuata daktari hadi kwenye korido.

"Niandikie karatasi, daktari. Kwa Kiswahili, nikawasomee nyumbani. Kuna watu wanasema amerogwa na mtu. Weka na mhuri. Andika kwamba si uchawi."

Daktari akakunja uso. "Mambo ya uchawi siandiki kwenye karatasi ya serikali, mama. Nikiandika haupo, nimeshaanza kubishana nao. Nakuandikia ukweli, unatosha." Akaandika akiwa amesimama, karatasi ameiegemeza ukutani, akapiga mhuri kwenye meza ya muuguzi, akampa.

Kristiana alisoma hadi darasa la saba na alijua kusoma vizuri. Alisoma pale pale. *Mgonjwa hana TB. Ana ukungu kwenye pafu, unaotokana na kuvuta vumbi la majani yaliyooza yaliyofukiwa shambani kwake.* Alisoma tena. Furaha ikamtoka mwilini yote. Majani yaliyofukiwa. Shambani kwake. Daktari alikuwa amechukua maneno ya Zenon, akayawekea mhuri.

Akageuka. "Daktari! Daktari, ngoja, ondoa hapa mwisho!" Lakini daktari Flavian alikuwa ameitwa wodi ya wazazi, na muuguzi akamwambia Kristiana kwamba korido si soko.

*

Beda alibaki amelazwa; Kristiana, basi lilimshusha Laela saa saba mchana, akachukua pikipiki. Njia nzima alikuwa anabishana na nafsi yake. Achane karatasi? Modesti anataka mhuri. Aonyeshe karatasi? Zenon anajua kusoma. Akaamua kusema uongo, yeye aliyekuwa hajui kusema uongo hata wa bei ya kuku. Atasema TB imerudi. TB kila mtu anaijua, TB haina shangazi. Akaikunja karatasi mara nne na kuifunga kwenye pindo la kitenge, ndani kabisa.

Watu walikuwa wameshajaa uwanja wa ghala. Pikipiki ilisikika tangu bondeni.

"Shikamooni," Kristiana akasema. Hakuna aliyeitika vizuri.

"Haya, Mama Salome," Modesti akasema. "Daktari kasemaje?"

"TB. Imerudi. Wamemlaza, wanamwanzishia dawa upya."

Minong'ono ikapita. Mama mmoja akasema, "Si nilisema mimi? TB ile." Modesti akashusha pumzi, kama mtu aliyepona yeye mwenyewe. "Karatasi?"

"Imebaki kwenye faili. Wamesema wataitoa akiruhusiwa. Mwenyekiti, nifungulie, yule ameumia bega tangu Jumatatu."

Modesti akatia mkono mfukoni. Ufunguo ulitoka. Ndugu yangu, ulitoka kabisa, ukawa mkononi, na hatua kati yake na kufuli zilikuwa tano.

"Subiri, mwenyekiti," Zenon akasema. "Mdogo wangu ana simu. Kwa nini tusimsikie mwenyewe?"

"Amelala!" Kristiana akaruka. "Amechomwa sindano, amelala!"

Zenon alishapiga. Akaweka sauti ya juu, akainua simu kama padri anavyoinua kikombe. Iliita mara mbili.

"Kaka!" Sauti ya Beda ilijaa uwanjani, chovu lakini ina furaha. Ilikuwa furaha ya mtu aliyeambiwa hatakufa mwezi huu. "Kaka, wamegundua! Kristiana amefika?"

"Amefika. Anasema ni TB."

"TB? Hapana bwana, hajakuelewesha. TB hakuna. Ni ukungu, kaka! Zile ntumba! Ndani mlikuwa na ukungu, umeniingia, umejenga donge kwenye pafu. Nimeliona kwa macho yangu kwenye picha, liko kama mpira. Daktari amesema vitu vile vilivyofukiwa shambani ndivyo vinavyonila."

Vichwa vyote vikageukia mlango wa ghala.

"Beda!" Kristiana akapiga kelele. "Beda, nyamaza! Shangazi yuko..."

Kofi la Zenon lilimzungusha. Alipoanguka, fundo la pindo likaonekana, na mmoja wa wale vijana akalivuta, kitenge kikapasuka, karatasi ikatoka. Modesti akaipokea. Aliisoma kwa sauti, mwenyekiti yule, kwa sababu alizoea kusoma karatasi zenye mhuri kwa sauti. Alipofika kwenye *yaliyofukiwa shambani kwake* alimtupia jicho Kristiana, lakini alimalizia.

"Na huyu alificha," mtu akasema akimwonyesha Kristiana. "Wako pamoja."

"Sikilizeni!" Kristiana alikuwa amepiga magoti, damu puani. "Ukungu uko kila shamba! Kwako upo, kwako upo! Kila mtu hapa ameinua ntumba! Mbona hamfi?"

"Ndicho tunachouliza," Zenon akasema. "Mbona hatufi sisi, anakufa yeye?"

Swali hilo lilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa pango lililoachwa na TB, na Kristiana alilijua, akaanza kulisema. "Kwa sababu yeye ana pango kwenye..." Nani angemsikia? Walikuwa wamesimama wote. Modesti alitazama ufunguo, akatazama watu, akaangalia saa yake. Kisha akamwekea Zenon ufunguo mkononi.

"Mimi nakwenda kule mlimani kutafuta mtandao, niwapigie polisi," alisema. Akaondoka kwa haraka, huku simu ya Zenon ikiendelea kusema haloo, haloo, kaka, kuna nini huko?

Walimtoa Winifrida akitembea kwa miguu yake. Alikuwa amechoka kiasi kwamba mwanzoni alidhani wamekuja kumpeleka nyumbani, akasema, "Taratibu wanangu, bega." Zenon alipiga kwanza. Halafu walipiga wengine, kwa majembe, kwa mawe, kwa miguu iliyovaa mabuti ya shambani, na hata mama yule aliyesema ni TB alirusha jiwe. Kristiana alimng'ata Zenon mkono mpaka akahisi nyama kwenye meno, akatupwa pembeni. Akarudi, akapigwa jichoni. Akarudi mara ya tatu, watu wawili wakamkalia mgongoni, uso wake ukabaki kwenye vumbi, hatua moja na simu iliyokuwa imeanguka.

Beda alikuwa akilia ndani ya simu. Alishaelewa. "Zenon! Zenon, muacheni! Sikusema hivyo! Kaka, nakuomba, sikusema hivyo! Shangazi!" Kisha kikohozi, kirefu, na sauti ya muuguzi mbali ikisema shika beseni, shika beseni. Winifrida aliita mara moja, "Baba!" Labda alimsikia. Baada ya hapo hakuita tena, na wao waliendelea muda mrefu baada ya yeye kunyamaza, maana kuacha kungewalazimu kutazamana.

*

Polisi walikuja asubuhi ya Ijumaa. Kumbe mtandao ulipatikana saa kumi na mbili jioni. Waliuliza nyumba kwa nyumba, na nyumba kwa nyumba watu hawakuwepo. Walikuwa shambani. Walikuwa Laela kuuza mahindi. Mama mmoja alikuwa anaumwa jino. Modesti alisema kundi la watu wasiojulikana lilimpokonya ufunguo. Ukisikiliza maelezo yale, utadhani Winifrida alijipiga mwenyewe uwanja mzima ukiwa mtupu.

Kabla Kristiana hajaitwa, mke wa Zenon alimjia na bakuli la ulezi. Akaliweka chini, hakuketi.

"Mwenzangu, Beda hatalima tena. Hilo unalijua. Nani atawalimia wewe na Salome? Shangazi ameshakwenda, ukisema harudi. Zenon akienda, tunakufa njaa nyumba mbili."

Kristiana alimtazama kwa jicho moja, lingine limefumba kwa uvimbe. Alikuwa anajua kwamba kila neno la yule mwanamke ni kweli, na ulezi ule wangeuhitaji kabla ya mwezi wa pili. Akainuka, akaliacha bakuli pale pale, akatoka kwenda kwa polisi waliokaa chini ya bendera ya shule.

"Andika, afande," alisema. Akataja. Alianza na Zenon. Akawataja vijana wawili. Akamtaja mama wa jino, akamtaja Modesti na ufunguo wake, akataja jina kwa jina mpaka kalamu ya askari ikaisha wino na kuletwa nyingine. Watu waliokuwa wamesimama mbali wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwisho akataja majina mawili ambayo askari hakuyaandika.

*

Jumamosi mchana alifika Sumbawanga na Salome, na mfuko wa nguo, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo paa la jiko lao lilikuwa limeteketea. Beda alikuwa hai. Walimwongezea damu chupa mbili. Alikuwa ameegemea ukuta wa wodi, simu mbele yake juu ya shuka, imezimwa. Vidonge vya ukungu vilikuwa mezani, Salome akavisogeza ili aweke maji.

Kristiana aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Wamemzika?" Beda akauliza.

"Jana jioni. Padri, katekista na mimi."

"Zenon?"

"Wamemchukua. Na wengine saba."

"Nani aliwataja?"

"Mimi."

Beda akatikisa kichwa, taratibu, kukubali. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alitazama simu, kisha akamtazama mkewe, jicho lake lililovimba, mkono wake uliochubuka.

"Na mimi? Ulinitaja?"

"Nilikutaja," Kristiana akasema. "Nikajitaja na mimi. Nikamwambia askari: niliyesema nani aliinua zile ntumba ni mimi, na aliyesema zinamla ni mume wangu. Tuandike wote."

"Akasemaje?"

Kristiana alikunja pindo la kitenge chake mara moja, akalikunja tena. "Alicheka kidogo. Akasema nyie mlisema ukweli tu, mama, nyie hamna kosa."

Beda aligeukia ukutani. Salome akamletea maji ya kumezea dawa, akasimama pale ameshika kikombe, akisubiri baba yake ageuke.